Majigambo ya Mtaa: Kalamashaka wa Dandora na Swali la "Kwetu" katika Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili, tuanze na zoezi ambalo sote tunalifahamu. Mwalimu anayefunza fasihi simulizi mjini Nairobi humwambia mwanafunzi hivi: "Likizo hii nenda kwenu, ukakusanye nyimbo tano za jamii yenu." Zoezi ni zuri, kwa sababu fasihi simulizi haikai vitabuni, hukaa vinywani mwa watu. Hata hivyo, kuna dhana iliyojificha ndani yake, kwamba "kwenu" ni mahali pengine, mbali na hapa. Mwanafunzi aliyezaliwa Dandora, ambaye mama yake alizaliwa Kaloleni na babu yake alifanya kazi ya reli akiishi Muthurwa, hulazimika kuazima kijiji ili apate nyimbo. Likizo ikiisha, huja na nyimbo alizonakili kutoka kitabu cha marudio: hodiya ambayo hajawahi kuilimia, na nyiso ambayo hajawahi kuisikia ikiimbwa.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mwanafunzi huyo anayo fasihi simulizi ya kwao, tena iliyo hai. Tutachukua mfano wa kundi la Kalamashaka kutoka Dandora pamoja na wenzao waliokuja kujulikana kama Ukoo Flani Mau Mau. Hoja yetu ni moja. Nyimbo za vijana hawa huhakikiwa darasani, pale zinapohakikiwa, kama malalamiko kuhusu maisha magumu. Sisi tunasema kwamba zina umbo la majigambo, na kwamba kinachogambwa humo ni mahali. Zinadai kuwa mtaa ni kwetu. Mhakiki asiyeliona jambo hili ataorodhesha maudhui yote, kuanzia umaskini hadi ukatili, na bado awe hajaufahamu wimbo.

Kalamashaka ni akina nani?

Kalamashaka ni kundi la vijana watatu, Kama, Oteraw na Johny Vigeti, lililoanza Dandora katikati ya miaka ya 1990. Wimbo uliowatambulisha kwa taifa ni "Tafsiri Hii" wa mwaka wa 1997, unaosimulia ugumu wa maisha ya vijana katika mtaa wao. Albamu yao, Ni Wakati, ilitoka mwaka wa 2001. Vijana wengine wa mtaa walikusanyika karibu nao na kujiita Mau Mau. Baadaye waliungana na kundi la Ukoo Flani lenye asili yake Mombasa, na ndipo likapatikana jina Ukoo Flani Mau Mau. Muungano huo ulihusika na albamu ya Kilio cha Haki (2004), kisha ukatoa Dandora Burning (2006).

Ili kuzielewa nyimbo hizi inatubidi tuujue mtaa wenyewe. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands, kama vile Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati, ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Nia ya serikali ya kikoloni haikuwa kumfanya Mwafrika mwenyeji wa Nairobi. Alitakiwa awe kibarua, alale, aamkie kazi, na nguvu zikimwishia arudi kijijini. Dandora ilikuja baadaye, katika miaka ya 1970, kupitia mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka wa 1975. Takriban viwanja 6,000 viligawiwa watu wa kipato cha chini. Kila kiwanja kilikuwa na maji, choo na bafu, na mwenyewe alitarajiwa kujijengea vyumba vilivyosalia. Wengi walijenga na kuvipangisha vyumba hivyo, idadi ya watu ikapita ile iliyokusudiwa.

Kando ya mtaa huo huo ndipo lilipowekwa jaa kuu la taka la jiji. Mwaka wa 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa, lakini taka ziliendelea kumwagwa. Utafiti uliotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007 uliwapima watoto 328 walioishi na kusoma karibu na jaa, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichozidi kile kilichokubalika kimataifa. Zingatia jambo hili, mtahiniwa. Jaa likitajwa katika shairi la kitabuni, sisi hukimbilia kuandika kwamba ni jazanda ya uozo wa jamii. Katika wimbo wa Dandora, jaa ni jaa. Ni anwani ya mtu. Mhakiki aanze na maana ya wazi kabla ya kupanda ngazi kwenda kwenye maana fiche.

Wimbo wa mhamiaji: mfano kutoka Afrika Kusini

Hali ya kuishi mjini kwa ajili ya kazi tu haikuwapata Wakenya peke yao. Afrika Kusini, wanaume wa Kizulu walitoka vijijini kwenda kufanya kazi Durban na Johannesburg, wakalazwa katika mabweni ya wafanyakazi. Maisha hayo yalichangia sana kukuza aina mbili mashuhuri za nyimbo. Ya kwanza ni isicathamiya, inayoimbwa na wanaume kwa sauti bila ala, wakikanyaga polepole. Ya pili ni maskandi, inayoimbwa kwa gitaa au kinanda cha mkono. Nyimbo hizi husimulia kutengana na jamaa, ukosefu wa kazi na dhuluma za wakubwa, kwa hiyo ni nyimbo za kuikosoa jamii.

Katika maskandi kuna sehemu ambayo inafaa kumvutia kila mwalimu wa fasihi simulizi. Katikati ya wimbo, mwimbaji huacha kuimba na kughani kwa kasi. Hujitaja jina, ukoo, eneo anakotoka, mto wa kwao na hata chifu wao. Ughani huo unatokana na izibongo, maghani ya sifa ya Wazulu. Hayo kwa istilahi zetu ni majigambo. Mtu ambaye mjini anajulikana kwa kipande chake cha kazi anawatangazia wasikilizaji kwamba yeye ni mtu mwenye kwao.

Hata jina la kundi linaweza kufanya kazi hiyo. Kundi la isicathamiya linalojulikana zaidi duniani, Ladysmith Black Mambazo, lilianzishwa na Joseph Shabalala mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ladysmith ndio mji wa nyumbani kwake. Black inarejelea maksai weusi, wenye nguvu kuliko wote zizini. Mambazo inatokana na neno la Kizulu lenye maana ya shoka, la kuwakata wapinzani katika mashindano ya uimbaji. Katika jina moja tunapata mahali, mnyama wa kujilinganisha naye, na silaha. Mwanafunzi akiulizwa ataje sifa za majigambo, jina hilo peke yake linampa tatu.

Tofauti kati ya mfano huu na ule wa Dandora ndiyo inayotupa hoja yetu. Mwimbaji wa maskandi anapojigamba hutaja kijiji alichokiacha nyuma. Mji kwake ni mahali pa kupita. Vijana wa Kalamashaka wanapojigamba hutaja mtaa wenyewe. Hawana mto wa kuutaja wala chifu wa kumsifu. Wana Dandora, na wanaitaja kwa fahari ile ile ambayo mwenzao wa Kizulu anautajia mto wa kwao.

Majigambo au malalamiko?

Tulitazame jina Kalamashaka. Katika Kiswahili cha mazungumzo, hasa cha pwani, kiambishi "ka" huchukua nafasi ya "ame": kaja, kalala, kala. Kwa hiyo jina hili laweza kusomwa "kala mashaka", yaani mtu aliyekwisha kula taabu. Tunajua kitenzi "kula" kinavyofanya kazi katika nahau zetu. Aliyekula chumvi nyingi ameishi miaka mingi na ana hekima. Aliyekula kiapo amejifunga kwa neno lake. Kwa kipimo hicho, aliyekula mashaka ameyatia tumboni, yakawa chakula chake, naye angali amesimama. Mlalamishi husema mashaka yamemla. Hawa wanasema wao ndio walioyala. Nafsi ni ya mtendaji, na hiyo ndiyo nafsi ya majigambo.

Pili, tutazame anwani "Tafsiri Hii". Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba ina utata. "Tafsiri" ikiwa kitenzi, msikilizaji anaamrishwa achukue maisha haya ayaeleze kwa lugha anayoielewa, kama anaweza. Ikiwa nomino, wimbo wenyewe ndio tafsiri, na waimbaji ndio wakalimani wanaoyatoa maisha ya mtaa katika lugha ya taifa. Kwa vyovyote vile, mwimbaji yuko juu ya msikilizaji. Yeye anajua jambo ambalo msikilizaji halijui. Mtu anayeomba kuhurumiwa hasemi hivyo. Huo ni msimamo wa fanani anayejiamini mbele ya hadhira yake.

Tatu, anwani "Ni Wakati". Wakati wa nini? Sentensi haimalizwi. Hii ni mbinu ya mdokezo, ambayo humwachia msikilizaji ajaze mwenyewe. Kijana asiye na kazi atajaza kwa namna yake na askari wa doria atajaza kwa namna yake, na huenda hiyo ndiyo sababu anwani fupi kama hii inawasumbua watu wazima.

Hapa msomaji mwangalifu atapinga: kama si malalamiko, mbona wenzao waliita albamu Kilio cha Haki? Swali ni la haki kabisa. Jibu lipo katika matumizi ya kilio katika jamii zetu. Kipo kilio cha mbolezi, cha kumwombolezea aliyekufa. Kipo pia kilio cha ukemi, anachopiga mtu aliyevamiwa usiku ili majirani watoke na silaha zao. Wa kwanza anaomba pole na wa pili anaomba msaada wa kupigana. Isitoshe, "kilio cha haki" chaweza kuwa kilio cha kutaka haki, kilio kilicho halali, au kilio anachokitoa Haki mwenyewe akiwa mhusika, na hapo pana tashihisi. Mhakiki asikimbilie maana ya kwanza iliyomjia.

Hali kadhalika, jina Mau Mau halikuokotwa ovyo. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil mjini Nairobi. Wanajeshi na polisi walizingira jiji, wakakagua mtaa baada ya mtaa wakiwatafuta hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini na wengine wengi kurudishwa kwa nguvu katika maeneo waliyoambiwa ni yao. Mitaa ya Eastlands iliushuhudia mkono huo. Vijana waliozaliwa miongo miwili na zaidi baadaye wanapojiita Mau Mau, wanasema kwamba mtaa una historia ya kishujaa na kwamba wao ni warithi wake. Kujinasibisha na mashujaa wa zamani ni sifa nyingine ya majigambo tunayoifunza kila mwaka.

Lugha: Sheng na swali la kabila

Kalamashaka walighani kwa Kiswahili na Sheng. Leo jambo hili laonekana la kawaida, lakini katikati ya miaka ya 1990 muziki wa vijana uliothaminiwa Nairobi ulikuwa kwa kiasi kikubwa ule wa Kimarekani na wa Kiingereza. Kughani kwa lugha ya mtaa kulikuwa ni kuchagua hadhira. Waliolengwa kwanza ni wenzao wa Dandora, Kariobangi, Kayole na Huruma; wengine wote walikaribishwa ila walitakiwa wajitahidi kutafsiri.

Wataalamu wengi hulihusisha chimbuko la Sheng na mitaa ya Eastlands, na wengine hulirudisha nyuma zaidi ya miaka ya 1970. Msimbo huu umechunguzwa kwa kina. Mwaka wa 2003 Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga walitoa kamusi yake. Sisi walimu tumeipiga vita kwa miaka mingi, na tunayo sababu: Sheng ikiingia katika insha humpotezea mtahiniwa alama. Hata hivyo, mwalimu wa fasihi na mwalimu wa sarufi, hata wakiwa mtu mmoja, hawana kazi sawa. Mwalimu wa fasihi hana budi kuuliza lugha hii inafanya nini ndani ya wimbo.

Inafanya jambo kubwa. Sheng ina maneno ya Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kiluo, Kiluhya, Kikamba na nyinginezo, yaliyochanganywa hata aliyezaliwa mtaani asijue lipi lilitoka wapi. Mtu akighani kwa Sheng, unaweza kuujua mtaa wake lakini usilijue kabila lake. Sasa rejelea swali tuliloanza nalo, "Kwenu ni wapi?" Nchini Kenya swali hili mara nyingi ni njia ya adabu ya kuuliza kabila. Kuna wakati halikuwa na adabu yoyote. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, baadhi ya mitaa ya Eastlands iligawanyika kwa misingi ya kabila, na watu wakaambiwa waende kwao. Wapo waliokuwa hawana kwao pengine popote.

Katika mwanga huo, wimbo unaosema kwa lugha isiyo ya kabila kwamba Dandora ni kwetu haubaki kuwa burudani tu. Unatoa dai la uraia, nao ulikuwa ukilitoa miaka kumi kabla ya ghasia hizo. Hapa ndipo uhakiki wa kijamii wa Kalamashaka unapokwenda mbali zaidi ya orodha ya matatizo. Kutaja umaskini ni rahisi, na hata serikali huutaja katika kila mpango wa maendeleo. Kusema kwamba maskini ni mwenyeji wa jiji na si mgeni wake ni jambo zito zaidi.

Linganisha pia na riwaya zetu. Katika Utengano ya Said A. Mohamed, Maimuna anapotoroka nyumbani kwa babake huangukia danguro na ulevi. Riwaya hiyo ina mengi ya kutufunza, na haimlaumu Maimuna peke yake. Hata hivyo, mjini alikokimbilia ni mahali pa kupotelea, na ndivyo ilivyo katika hadithi nyingi tunazozifunza. Mwanafunzi wa Eastlands huzisoma hadithi hizo akiwa ndani ya mji, akijifunza kwamba anakoishi ni mahali ambapo watu wa maana hupotelea. Nyimbo za mtaa wake humpa picha tofauti, na anastahili kupewa zote mbili azipime.

Nyimbo tatu, misimamo mitatu

Njia nzuri ya kumfunza mtahiniwa kuhakiki uhakiki wa kijamii ni kulinganisha. Tuchukue nyimbo mbili zaidi za kipindi hicho.

"Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka mwaka wa 2002. Nayo ni majigambo: waimbaji wanajitapa kwamba hawatishiki, na jina lenyewe limejengwa kwa mzizi wa Kiluo uliovishwa viambishi vya Kiingereza. Wimbo huu uliwataja viongozi kwa majina na kwa sifa. Haikuchukua muda muungano wa NARC ukaufanya wimbo wa kampeni, na mwaka huo chama cha KANU kikaondolewa madarakani baada ya miaka karibu 40. Majigambo ya vijana yakageuka sifo la wanasiasa.

"Ndio Mzee" ya Profesa Jay wa Tanzania ilitoka mwaka wa 2001. Humu mwimbaji anavaa nafsi ya mgombea anayeahidi mambo makubwa makubwa, na umati unamwitikia kwa kumkubalia kila neno. Mbinu kuu ni kinaya na chuku. Anayechekwa ni mwanasiasa, na pamoja naye sisi tunaoitikia. Mwimbaji mwenyewe baadaye alikuja kuwa mbunge, kati ya mwaka wa 2015 na 2020.

"Tafsiri Hii" haifanani na hizo mbili. Haimsifu kiongozi wala haivai sauti yake. Mazungumzo yake ni kati ya kijana na kijana mwenzake, huku wengine wakisikiliza kutoka nje. Ni vigumu kuona mwanasiasa angeipigaje jukwaani, kwani hana mahali pa kusimama ndani yake. Kipimo hiki chaweza kumfaa mtahiniwa: ukipewa wimbo unaoikosoa jamii, jiulize kama mwenye mamlaka anaweza kuucheza bila kuona aibu. Hatusemi kwamba wimbo anaoweza kuucheza ni mbaya. "Unbwogable" iliwapa watu ujasiri wakati walipouhitaji. Tunachosema ni kwamba nyimbo hizi tatu zinafanya kazi tatu tofauti, na jibu linaloziita zote "nyimbo za siasa" halijazigusa.

Upungufu

Uhakiki hauwi uhakiki ukiwa ni sifa tupu. Upungufu wa kwanza ni wa kijinsia. Kalamashaka ni sauti ya wanaume watatu, nayo majigambo tangu jadi yalikuwa hasa uwanja wa wanaume. Mtaa unaotangazwa humu ni wa vijana wa kiume waliokaa kwenye kona. Mtaa wa mama anayeamkia sokoni alfajiri au wa msichana anayechota maji kwa foleni hauna msemaji wa kutosha. Tukikubali kwamba wimbo unadai "mtaa ni kwetu", ni sharti tuulize huyo "sisi" ni nani.

Upungufu wa pili ni wa lugha. Sheng hubadilika mtaa kwa mtaa na mwaka kwa mwaka. Mwanafunzi wa sasa akisikiliza wimbo wa mwaka wa 1997 hukwama kwenye maneno ambayo kaka na dada zake waliyajua bila kufikiri. Lugha iliyoufanya wimbo kuwa wa watu wa mtaa ndiyo inayoufungia mlango kwa kizazi kinachofuata cha mtaa huo huo. Hata hivyo, hodiya na kimai nazo zimejaa msamiati usiojulikana tena, nasi huufafanua darasani bila kulalamika. Tuutendee haki hiyo na huu.

Pingamizi la tatu si upungufu ila ni swali: wimbo uliorekodiwa studioni ni fasihi simulizi kweli? Wapo wanaosema la, kwa sababu fanani na hadhira hawaonani. Sisi tunaona kwamba kurekodi ni njia ya kuhifadhi, kama kaseti tunazowashauri wanafunzi watumie nyanjani. Wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya kutendwa mbele ya watu. Huimbwa upya, huongezwa, hughaniwa papo hapo kwenye maskani na kwenye matatu, na wengi wanaoughani hawajauona ukiwa umeandikwa. Sifa hizo zinatosha.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Tuseme mtahiniwa ameulizwa: "Eleza namna wimbo unavyoweza kuihakiki jamii, ukirejelea wimbo wowote wa kisasa." Jibu la kwanza: "Wimbo wa Tafsiri Hii unaonyesha umaskini, ukosefu wa kazi na uhalifu. Pia unaonyesha maisha magumu." Hili si kosa, lakini linaweza kuandikwa na mtu ambaye hajausikia wimbo.

Jibu la pili: "Katika wimbo wa Tafsiri Hii, nafsineni ni kijana wa Dandora anayejigamba badala ya kulalamika. Anamwamrisha msikilizaji ayafasiri maisha yake, jambo linaloonyesha kwamba anajiona mwenye ujuzi. Anawalenga vijana wenzake kwa msimbo wa mtaa usiofichua kabila. Kwa njia hii wimbo unaikosoa jamii inayomwona maskini wa mjini kama mgeni." Maneno yameongezeka kidogo tu, ila sasa kuna nafsineni, hadhira, mbinu, lugha na dhamira, na kila kimoja kimeshikana na kingine. Tafadhali zingatia kwamba jibu lenyewe limeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Tunahakiki Sheng, hatuandiki mtihani kwa Sheng.

Mwalimu, unapowatuma wanafunzi nyanjani, wape maswali haya matano:

1. Nani anasema katika wimbo huu, na anajiita nani?
2. Anamwambia nani, na ni nani anayesikia bila kuambiwa?
3. Analalamika, anajigamba, anaonya au anasifu? Thibitisha.
4. Ametumia lugha gani, na lugha hiyo inamfungia nani nje?
5. Ni nani wa mtaa huo huo ambaye hasikiki?

Chagua wimbo kwa busara, kwani baadhi yake zina maneno yasiyofaa darasani. Usikilize wewe kwanza hadi mwisho kabla ya kuwapa wanafunzi, na wazazi wakiuliza uwe na la kuwajibu.

Hitimisho

Hatupendekezi kuacha nyimbo za jando, za kazi na za harusi. Mwanafunzi wa Nairobi anazihitaji, na kama ana nyanya kijijini wa kumwimbia, ana bahati kubwa. Tunachoomba ni kwamba aliye na mtaa peke yake asihesabiwe kuwa hana kitu. Zoezi la likizo libaki lilivyo, libadilishwe neno moja tu. Badala ya kumwambia mwanafunzi "nenda kwenu ukakusanye nyimbo", mwambie "kusanya nyimbo za kwenu", kisha mwache yeye mwenyewe aseme kwao ni wapi.